Kassim si Tabibu: Namna ya Kuandika Riwaya ya Vijana Wawili, Mmoja Akiugua

Msichana wa miaka 16 aliniletea daftari la kurasa 96, limeandikwa mpaka ndani ya jalada. Kila Jumamosi baada ya alasiri huketi na vijana watano au sita kwenye baraza ya nyumba yetu, Kibokoni, Mombasa. Wanasoma walichoandika, tunatafuna mabuyu, tunasahihishana. Hilo daftari hakutaka kulisoma mbele ya wenziwe. "Lisome mwenyewe, shangazi," aliniambia, akaondoka kabla ya chai.

Nililianza kwenye feri, naenda Likoni kumtazama mgonjwa, na tulipofika ng'ambo nilikuwa mtu wa mwisho kushuka. Hadithi ilikuwa hivi. Salma ana huzuni isiyomtoka. Kassim anampenda kufa kuoza. Anaapa kutomwambia mtu yeyote, anakesha naye kwenye simu, anaacha kila kitu, na katika sura ya mwisho Salma anapona kwa sababu Kassim hakumwacha. Ukurasa wa 61 una sentensi iliyopigiwa mistari miwili: "Nikiondoka atakufa."

Nimekutana na sentensi hiyo katika miswada mingi, na kila mara husimama hapo, kwa sababu nilipokuwa na miaka 17 mimi mwenyewe niliiamini. Wangu hakuwa mpenzi, alikuwa rafiki wa dawati moja, na kwa miezi saba nilikuwa bawabu wa roho yake. Nitamrudia baadaye. Maelezo haya ni ya kijana yeyote mwenye daftari kama lile.

Mvue Kassim koti la tabibu

Yule msichana hana kosa. Kiswahili chenyewe ndicho kilichomfunza. Washa taarabu yoyote ya mahaba usikilize: mapenzi ni maradhi, ni ndwele, ni donda, mpenzi ndiye tabibu, ndiye dawa, ndiye pumzi. Aliyenyimwa penzi huitwa majnuni, neno la Kiarabu la mtu aliyeingiwa na jini. Kisa cha Laila na Majnuni, alichokitunga Nizami kwa Kiajemi mwaka 1188, kina pahali ambapo baba mtu anampeleka kijana Makka akaombe apone. Kijana anafika kwenye Al-Kaaba akaomba mapenzi yazidi. Tumelelewa kumwonea fahari kijana huyo. Ni mashairi mazuri na simwambii mtu ayaache. Lakini ukimtia msichana mwenye sonona ya kweli ndani ya lugha hiyo, umeandika dawa isiyoponya, na msomaji wa miaka 14 ataimeza.

Kassim anaweza kusema "mimi ndimi dawa yako." Vijana husema hivyo. Msimulizi ndiye asiseme. Halafu upitie muswada na kalamu nyekundu: kila pahali Salma anapopata nafuu, tazama kilichotokea ukurasa mmoja kabla. Kama ni ujumbe wa Kassim, au ua, au mkono wake, ihamishe nafuu hiyo. Katika daftari lile nilihesabu pahali saba, na sababu ilikuwa Kassim mara zote saba. Mwache Salma apate afadhali Jumanne isiyo na jambo lolote, kwa kuwa tu amelala usiku kucha. Na mwache azidiwe siku ile ambayo Kassim amefanya kila kitu sawasawa. Inauma kuiandika, na Kassim naye hataielewa. Iandike hivyo hivyo.

Andika vilivyoachwa

Kuna jina la hali ya Kassim: utegemezi, yaani kuegemeana mpaka mmoja akisogea mwingine anaanguka. Wazo hili lilikulia Marekani katika familia za walevi. Mwaka 1951 wake wa walevi walianzisha Al-Anon, wakawa wanakutana kuzungumza juu ya maisha yao wenyewe, na miaka ya baadaye likapatikana jina la mtu ambaye ulevi wa mwenzake umekuwa ndio saa yake, chakula chake na usingizi wake. Si ugonjwa wenye cheti. Haumo katika orodha ya magonjwa ya akili wanayoitumia madaktari wa Marekani. Kwa hivyo usimlete daktari katika sura ya kumi akamtangazia Kassim kwamba ana utegemezi, kama anayesoma majibu ya malaria.

Unaonekana kwa vile alivyoviacha. Kabla hujaanza, orodhesha vitu kumi ambavyo Kassim alivifanya kabla ya Salma. Mpira wa mchangani. Madrasa ya Jumapili. Kumchokoza mdogo wake. Viazi karai vya jioni. Halafu viondoe kimoja kimoja katika riwaya nzima bila kutangaza. Usiandike "aliacha mpira." Mpira na uonekane chini ya kitanda, umeisha upepo, siku anapotafuta chaja.

Msichana alikuwa ameandika: "Kassim alimpenda Salma kupita maelezo na hakuweza kuishi bila yeye." Tuliketi na sentensi hiyo mchana mzima. Mwisho akaniandikia hivi:

"Ujumbe uliingia saa kumi na mbili na dakika kumi. *Sawa.* Sawa yenye nukta. Jana ilikuwa sawa bila nukta. Kassim alisimama penye kungojea feri, mkoba bega moja, akaandika *Umekula?* akafuta. Akaandika *Niko hapa.* Tiki moja. Lango likafunguliwa, watu wakamsukuma wakapita, mama mwenye ndoo ya samaki akamwuliza, 'Mwanangu, wenda ama huendi?' Feri ikaondoka. Tiki mbili, za kijivu. Ya pili ikaja, ikaondoka. Mtihani wa hesabu ulikuwa saa mbili. Na je, mtandao ukikatika katikati ya maji? Ya tatu ikaja."

Hakuna neno mapenzi hapo, na hakuna neno ugonjwa. Mama wa samaki alikuja mwenyewe, aliniambia, hakumpanga. Wakati mtu wa pembeni anapojileta hivyo na kuuliza swali la kawaida ambalo mhusika hawezi kulijibu, ujue umeshika njia.

Siri mbili katika mfuko mmoja

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo riwaya zetu zinapoweza kusema jambo ambalo za ng'ambo hazilisemi.

Katika vitabu vingi vya vijana vinavyotoka nje, wapenzi wana gari, wana chumba chenye ufunguo, na wazazi wanajua wanapendana. Kassim na Salma hawana hata kimoja. Wana simu, wana njia ya tuisheni, wana ukuta wa Mama Ngina, pale ufukweni, jioni ambapo mtu yeyote anayewajua anaweza kutokea. Mamake Salma akijua, simu itachukuliwa na msichana atapelekwa kwa mjomba Malindi. Basi mapenzi ni siri. Na ugonjwa wa Salma nao umeingia mfuko huo huo. Kassim hawezi kumwambia mtu "Salma hajala siku tatu" bila kuulizwa: "Umejuaje?"

Lishike swali hilo. Linazidi vilio kumi. Kila mtu mzima anayekaribia kusaidia aje nalo mdomoni: mamake Salma, mwalimu, jirani wa ghorofa ya juu. Kila mara Kassim afungue mdomo, alione swali linakuja, afunge. Msomaji ataelewa kwa nini kijana mwenye akili zake ananyamaza mpaka jambo linaharibika, na hutahitaji kumfanya mjinga wala mwoga. Kufuli iko nje ya hawa vijana kama ilivyo ndani yao.

Sasa jiulize: katika mtaa wa riwaya yako, nani anaweza kusikia bila kuuliza "umejuaje" kwanza? Waswahili tulikuwa na mtu huyo. Msichana akivunja ungo alipewa somo, mwanamke mtu mzima asiyekuwa mamake, wa kumfunza mambo ya mwili na unyumba na wa kubeba siri zake. Nyumba nyingi siku hizi humkumbuka wakati wa harusi tu. Mpe Salma somo. Mpe Kassim kaka anayefanya kazi bandarini, au mwalimu wa madrasa mwenye subira, au bibi wa mahamri ambaye kila asubuhi humwona amechelewa. Na mtu huyo asihutubie. Mpe maneno machache.

Mimi nilikuwa na shangazi yangu. Alikuwa anachambua mchicha uani. Nilimweleza yote ya yule rafiki yangu, miezi saba yote, mkono wake ukiendelea na majani. Nilipomaliza aliweka kisu chini akasema, "Basi. Sasa tuko wawili." Akavaa buibui akatoka kwenda kwao. Rafiki yangu alikaa miaka miwili bila kunisemesha. Ni mzima, ana watoto watatu, na siku ile hatujawahi kuitaja.

Ndiyo maana nakusihi: pahali Kassim anapovunja kiapo ndipo kilele cha riwaya yako. Kiandike polepole. Tuone ngazi anayoipanda, mlango, kandambili zilizovuliwa nje. Na kiwe na gharama. Salma akasirike, na hasira yake iwe na haki kwa upande wake, kwa sababu kweli ameaibishwa. Ukiandika anamshukuru siku ile ile, umemdanganya kila msomaji aliyewahi kufanya jambo hilo akachukiwa.

Kabla ya hapo huwa kuna sentensi nyingine: "Ukiniacha nitajiua." Waandishi wachanga huifanya moja ya mambo mawili, ama hila ya msichana mbaya, ama ushahidi wa penzi kuu. Katika maisha ni maumivu ya kweli na pia ni mnyororo, kwa wakati mmoja, na anayesema mara nyingi haoni mnyororo. Usichague. Kassim asiwekwe kwenye kiti cha hakimu kupima kama anamaanisha. Alichukue kuwa kweli na akamwambie mtu mzima siku hiyo hiyo. Kama riwaya inahitaji achelewe, achelewe usiku mmoja, na usiku huo tuuone wote.

Ugonjwa una mwendo wake

Amua Salma anaumwa nini. "Wazimu" hautoshi. Ikiwa ni sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, jua kwamba madaktari hutazama hali iliyodumu angalau wiki mbili, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku. Kwa vijana huenda isije kwa machozi hata kidogo. Huja kwa ukali, kununa, kulala mchana, alama kushuka, leso ile ile siku ya nne. Shirika la Afya Duniani husema kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa wastani huo, darasa la wanafunzi 42 lina sita. Salma si ajabu ya mtaa, na asiandikwe kama ajabu.

Halafu sikiliza nyumbani wanauitaje. Nyanya atasema, "Yuwalala tu mtoto, hicho ni kijicho cha watu." Mama ataita uvivu. Wenziwe watasema anaringa. Daktari atakuja na neno lake mwisho wa foleni, na maneno yote manne yaishi katika riwaya moja. Watampeleka kwa shehe akasomewe, watamtengenezea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, akanywa. Usilicheke kombe hilo na usilifanye ndilo lililomwokoa. Nimeingia nyumba ambamo chupa ya kombe na kijaluba cha vidonge vimewekwa kwenye rafu moja, na hakuna aliyeona ugomvi kati yao.

Hospitali ya Port Reitz ina sehemu ya wagonjwa wa akili. Ukitaka kumpeleka Salma huko, nenda kwanza ukazungumze na muuguzi, umwulize nani anaingia na mgonjwa, wanakaa wapi, wanangoja muda gani. Usitunge minyororo wala mayowe kwa kuwa umeyaona kwenye filamu. Kitu ambacho msichana wangu alikiona, alipokwenda na binamu yake, ni mama mmoja aliyejifunika uso kwa ukaya tangu langoni mpaka kwenye benchi, na alipoona mama wa pili amefanya vile vile, wakasogeleana wakakaa pamoja bila kusemezana.

Na dawa. Fluoksetini, ambayo hutumika kwa vijana wenye sonona, huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu. Kassim anaitarajia Jumatatu. Salma anameza na hakuna kinachobadilika, wiki ya kwanza, ya pili, na mama anaanza kuuliza kama pesa zimetupwa. Karibu kila muswada huruka hapa kwa "baada ya mwezi mmoja." Mwezi huo ndio riwaya. Uandike wiki kwa wiki.

Salma bila ugonjwa

Ondoa ugonjwa wote kwenye kurasa zako, uone kama bado kuna mtu. Katika daftari lile palibaki nywele na macho. Nikamwuliza msichana, Salma anaweza nini ambacho Kassim hawezi? Alinyamaza sana. Kisha akasema Salma ndiye mpakaji piko bora mtaani, na akichora hatabasamu hata umtekenye. Tangu hapo hakuhitaji tena sentensi za huzuni. Kuna arusi katika sura ya nne: Salma anamaliza mkono wa kulia wa bibi arusi, maua mpaka kiwikoni, anaweka piko chini, anatazama mkono wa kushoto kwa muda mrefu, halafu anainuka kwenda kulala. Bibi arusi amebaki na mkono mmoja mweupe.

Sura ngumu

Ikiwa Salma anafikia kutaka kufa, kuna mambo usiyaandike: njia aliyotumia, pahali, barua yake. Wala usiandike mazishi ambayo kila aliyemkosea analia na Kassim anasifiwa kwa uaminifu. Hiyo ndiyo taswira ambayo mtoto aliyeumia huitamani akiwa peke yake gizani.

Si hofu yangu tu. Mwaka 1774 Mjerumani Goethe alitoa riwaya ya kijana Werther anayejiua kwa penzi, vijana wakasemekana kumwiga, na mji wa Leipzig ukaipiga marufuku mwaka uliofuata. Mwaka 1974 mwanasosholojia David Phillips, aliyechunguza habari za magazeti ya Marekani, alikuta vifo vya kujiua vikiongezeka baada ya habari kubwa za namna hiyo, akaiita hali hiyo kwa jina la Werther. Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 2010 watafiti wa Austria waliona kwamba habari za watu waliofikiria kujiua kisha wakavuka salama ziliendana na kupungua kwa vifo. Wakaiita kwa jina la Papageno, mhusika wa opera ya Mozart anayetaka kufa mpaka watoto watatu wanamkumbusha njia nyingine. Basi andika kuvuka: saa ile mbaya inavyopita, nani alikuwa chumbani, chai ilikuwa na tangawizi ama haikuwa nayo.

Na angalia mwaka wa hadithi yako. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025. Kama kisa ni cha 2019, mamake Salma atamwambia muuguzi kwamba mtoto aliteleza. Atasema hivyo huku akimkazia macho Kassim asifungue mdomo, na kufuli ile ya siri itapata ufunguo wa tatu, wa polisi.

Salma akipata nafuu

Wengi huishia hapa kwa furaha, na wanakosa sura ya mwisho iliyo bora. Salma ameanza kucheka, amechekeshwa na muuguzi. Kassim anafanya nini na saa kumi na mbili za siku ambazo alikuwa akilinda? Anakuta mikono haina kazi. Anamwonea wivu muuguzi. Kuna usiku mmoja anatamani, kwa nukta moja tu, Salma azidiwe ili amhitaji tena, kisha anajiogopa. Iandike tamaa hiyo bila kumlaani. Hakuna pahali utegemezi unaonekana wazi zaidi ya hapo, na msomaji aliyewahi kuwa Kassim atajua kuwa hayuko peke yake.

Muswada ukiisha, mpe mtu aliyewahi kuugua na mtu aliyewahi kuuguza, kila mmoja kwa wakati wake. Usiwaulize kama ni nzuri. Waulize walifunga kitabu ukurasa gani.

Mwisho kuna namba. Watoto na vijana Kenya wanaweza kupiga 116 bila malipo, ni ya Childline Kenya. Waandishi huiweka nyuma kabisa ya kitabu, na msomaji aliyekwama katikati hafiki huko. Iweke mwanzo wa sura ngumu. Msichana wangu alitaka kuiandika ndani ya jalada, lakini jalada lilikuwa limejaa. Akakata kipande cha karatasi, akaandika 116 kwa kalamu ya kijani, akakibandika kwa gundi kwenye ukurasa wa 61, chini ya mistari yake miwili.